Afande Hakumpa Mtu Mgongo

Afande alipoaga nyumbani kwa mtu alitoka kinyumenyume. Alisimama, akasema ahsanteni kwa chai, akarudi nyuma polepole huku anatuangalia, mkono mmoja unapapasa kutafuta mlango. Akishavuka kizingiti ndipo anageuka na kuvaa kandambili zake. Mara ya kwanza kumwona hivyo nilicheka mpaka Mama akanifinya. Baadaye nikazoea, kama mtaa wetu wote hapa Kibiti ulivyozoea.

Alikuwa askari magereza mstaafu. Karibu miaka yake yote ya kazi ilikwisha kwenye gereza moja kubwa la bara, lile la ulinzi mkali wanakopelekwa watu wa kesi nzito, wa kifungo cha maisha na wa kunyongwa. Huko, alisema, kitu cha kwanza unachofundishwa ni kutompa mfungwa mgongo. Sare waliichukua siku aliyostaafu. Hili la mgongo wakamwachia.

Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kumsikia mtu analitumia. Kwa watoto ni Afande, kwa wazee ni Afande, hata imamu Afande. Sasa kachukuliwa na binti yake, wanakaa Ikwiriri. Bi Pili, jirani yetu, amehamia kwa mwanawe Dar es Salaam. Bibi yangu tumemzika. Wote watatu wangekuwa bado hapa nisingeandika haya. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu, darasani nikiulizwa swali ninalolijua bado naangalia meza. Lakini ya Afande yamenikaa, na nimechoka kukaa nayo.

Msikitini alisali safu ya nyuma kabisa, karibu na ukuta. Mimi sikuwa namwona, wanawake tuna upande wetu nyuma ya pazia, ila Baba akirudi Ijumaa alikuwa anasimulia. Imamu anahimiza watu wajaze safu za mbele, wote wanasogea, Afande kabaki kule nyuma peke yake kama mtu aliyeachwa na basi. Muadhini, waliyekuwa wakitaniana naye tangu siku ya kwanza, alimwuliza siku moja mbele ya watu:

"Afande, na peponi utaingia kinyumenyume?"

"Ilimradi niingie."

"Utamgonga malaika mlangoni."

"Atanielewa. Naye ni mlinzi."

Kinyozi wa pale stendi alipata tabu naye zaidi. Mbele na pembeni Afande alikubali kunyolewa kama wengine. Kisogo ndipo penye kesi, hakutaka mtu asimame nyuma yake na kitu chenye makali. Basi kinyozi anasimama mbele, anamwinamia, anapitisha mikono juu ya mabega yake, ananyoa bila kuona vizuri. Kwa mbali unaweza kudhani wanakumbatiana. Vijana wa bodaboda waliwaacha abiria ili waangalie. Nywele za kisogoni zilikuwa na mabonde mwaka mzima.

Na alikuwa anagonga vitu. Gerezani, jioni kabla ya kufunga, walipita kila selo wakigonga nondo za madirisha kwa rungu, kusikiliza kama kuna iliyokatwa. Nondo nzima inalia, alisema, iliyokatwa inakohoa. Kwetu madirisha mengi hayana nondo, basi akahamia kwenye nguzo. Nyumba zetu nyingi bado zimesimama kwa boriti za mikoko, na mchwa wa hapa anaila boriti kwa ndani na kukuachia ganda. Afande akikaribishwa barazani, kabla hajakaa ameshagonga nguzo kwa kifundo cha kidole, kaweka sikio, katikisa kichwa au kaguna. Watu wakaanza kumwita makusudi. Si kwamba hakukosea. Aligonga nguzo ya banda la mashine ya kukoboa mpunga, akasema hii nzima, na kabla mvua hazijaisha banda likalala chini. Mwenye mashine alimwambia, "Afande, umezoea chuma. Hii ni miti, ina uongo wake." Akakubali, akaenda kusaidia kuinua mabati.

Mimi na yeye tuliweza kukaa kwenye benchi lake muda mrefu bila kusema neno. Nadhani alinipendea hilo. Siku moja akaniambia, "Wewe ungefaa kazi yetu. Husemi." Sikujua nimshukuru au nikasirike. Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kama kazi ile ilikuwa inachosha miguu, kwa kusimama.

"Miguu ilipata dawa," akasema. "Masikio ndiyo yamechoka. Jioni unasikiliza nondo, ukirudi kulala unaendelea kusikiliza. Mtu akikohoa unajua ni nani. Akiacha kukohoa unajua pia."

Hayo ndiyo mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia kuhusu kule ndani.

Mkuu wa shule yetu hakulijua hilo. Nikiwa kidato cha pili kulikuwa na wimbi la wavulana kuvuta bangi, akamwalika Afande aje atutishe. Tulikusanywa wote uwanjani. Mkuu akasema, mzee wetu atawaeleza maisha ya gerezani yalivyo, msikilize kwa makini. Afande akasimama, mgongo umegusa ukuta wa ofisi.

"Asubuhi uji," akasema. "Mchana ugali na maharage. Jioni mnafungiwa mapema."

Wavulana wa bweni wakaanza kuangaliana. Mmoja akasema kwa nyuma, "Mbona ni hapahapa?" Shule nzima ikacheka, na Afande akacheka, mkuu peke yake hakucheka. Kisha Afande akasema, "Tofauti ni kwamba hapa mama yako akija anakuona," akakaa. Hapo hakuna aliyecheka.

Nyumba yake haikuwa na kufuli. Haikuwa hata na komeo la ndani, mlango aliuegesha tu na ulipepea usiku na mchana. Lakini banda la kuku lilikuwa na kufuli mbili, moja juu moja chini, na funguo alizivaa kiunoni. Majirani walimwuliza, "Afande, hawa kuku wana kesi gani?"

"Wizi wa mchele," anasema. "Upelelezi haujakamilika."

Utani huo aliupenda sana. Na huyohuyo, siku watoto walipomfungia mwenzao kwenye choo kibovu kwa mchezo na mtoto akawa analia ndani, alitoka kwake akikimbia, mzee yule, akaung'oa mlango wote na bawaba zake. Hakumpiga mtoto yeyote. Alikaa chini palepale kwenye nyasi, mlango uko mapajani, akaushikilia kama hajui pa kuuweka. Tulimwita Baba aje amwinue.

Sasa nifike kwa Bibi, kwa sababu bila ya Bibi, Afande angekuwa mzee wa vituko tu.

Bibi alikuwa mama yake Baba, alitoka deltani, visiwani kwenye mikoko. Mwanawe wa kwanza, baba yangu mkubwa, alikuwa mkata boriti. Waligombana na mwenzake bandarini, akampiga na gogo, mwenzake akafa. Hatusemi alionewa, na Bibi mwenyewe hakuwahi kusema. Alihukumiwa kunyongwa, baadaye ikawa maisha, akapelekwa kwenye gereza lile la bara. Akafia huko, mwaka wa mafuriko. Mpaka taarifa imfikie mtendaji, mtendaji apate mtumbwi amfikie Bibi, na Baba apate njia ya kwenda, walishamzika. Askari mmoja kijana, mgeni hata yeye, alimwonesha Baba tuta la udongo katikati ya matuta mengine. Baba akarudi na mfuko wa nguo.

Tangu hapo Bibi alikuwa na swali moja. Mwanawe alioshwa, akavikwa sanda, akasaliwa? Au alifukiwa tu? Kosa la mwanawe alilikubali, kifo chake alikikubali. Hilo moja ndilo lililomnyima raha. Akisali anasali nalo, akila anaacha tonge katikati analiwaza.

Afande alipohamia mtaani na Bibi akasikia katoka gereza gani, alimwendea siku hiyohiyo. Mimi nilimshika mkono. Akamtajia jina la mwanawe. Afande aliangalia chini.

"Mama," akasema, "mambo ya ndani nimeyaacha ndani."

Njiani Bibi akaniambia, "Anamjua. Umeona alivyoinamisha uso?"

Bibi hakurudi kumwuliza kwa mdomo. Alianza kumwuliza kwa bakuli. Kila Alhamisi alipika kitu, wali wa nazi na kamba wakubwa wa deltani wakipatikana, au mchicha wa nazi kama hawapo. Akalifunika kwa kawa, akanipa nipeleke. Afande alipokea kwa mikono miwili. Na kwa kuwa bakuli la mtu halirudi tupu, alilirudisha na ndimu za uani kwake, au papai, au mayai ya wale wezi wake wa mchele. Nikifika nyumbani Bibi ananingoja kwenye mkeka.

"Kasema nini?"

"Kasema ahsante."

"Basi?"

"Basi."

Ikawa hivyo masika na kiangazi. Bibi anashusha pumzi, anatoa ndimu, anaosha bakuli.

Hakuwa peke yake. Bi Pili, aliyekuwa akiuza vitumbua nyumba ya tatu kutoka kwetu, alitokea Mloka, na mdogo wake wa kiume, aliyemlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki, naye alifia gereza hilohilo. Bi Pili alimwuliza Afande kwa machozi, akamwuliza kwa matusi, akamwuliza kwa vitumbua vya bure. Mzee mmoja naye alikuja kutoka Dimani kwa baiskeli kuuliza habari za kijana wake. Wote walipata jibu lilelile.

"Yule hana moyo," Bi Pili alimwambia Bibi barazani, mimi nasikia. "Anajua. Sisi ni watu wazima, tumeomba kwa adabu. Angetamka neno moja angepungukiwa nini?"

"Labda kaapishwa," Bibi alisema.

"Kaapishwa na nani? Kashavua sare huyo. Kuku wake anawaonea huruma kuliko sisi."

Na mimi niliona hivyo. Kuna Alhamisi nilimpa bakuli bila kumsalimia, na mimi kutosalimia mtu mzima si jambo ninaloliweza. Alinirudishia na papai kubwa kuliko siku zote.

Mwaka jana Bibi akaanza kuvimba miguu. Hakuweza tena kukaa jikoni, na Alhamisi mbili zikapita bila bakuli. Alasiri moja Mama kaenda sokoni, mimi nimekaa chini kando ya kitanda cha Bibi nachambua mchele, nikasikia mtu anagonga nguzo ya baraza. Si kubisha hodi, kugonga nguzo. Kisha ndiyo hodi.

Afande aliingia, akachagua kigoda cha ukutani panapoonekana mlango, kama kawaida yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kunigonga na mimi?"

"Nimekuja kukujulia hali."

"Usijisumbue kugonga. Mimi nakohoa tu, sikia mwenyewe."

Alitabasamu kidogo. Akasema bakuli halijaonekana. Bibi akasema mpishi kaanguka. Kunyamaza kwa Afande nilikuwa nimekuzoea, lakini siku hiyo alikuwa anazungusha zile funguo za banda la kuku kidoleni, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya.

"Na lile swali lako?" akauliza.

"Siulizi tena," Bibi akasema. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayeshusha mzigo kwa sababu mikono imekataa. "Nimechoka, baba. Na nakaribia kwenda kumwuliza mwenyewe."

Afande akaniangalia. Nikainuka na ungo wangu nitoke. Bibi akasema, "Mwache. Huyo hasemi hata na waliozaliwa naye tumbo moja."

Nikakaa.

"Mama, nikueleze kwanza kwa nini nilinyamaza," Afande akasema. "Wanaokuja kuniuliza ni wengi. Wapo ambao jibu lao ni zuri, na wapo ambao jibu lao si zuri. Nikimjibu mwenye jibu zuri, kesho akija mwenye jibu baya nikanyamaza, nitakuwa nimeshamjibu. Unaona? Kwa hiyo nikaona ninyamaze kwa wote. Wanichukie wote sawasawa."

"Naona," Bibi akasema.

"Mwanao alioshwa."

Bibi aliushika ukingo wa kitanda.

"Kilikuwa kifua. Alifia zahanati ya gereza, hakufia selo. Alioshwa na wenzake, wafungwa. Mmoja alikuwa mwalimu wa madrasa kabla ya kesi yake, yeye ndiye aliyewaelekeza. Kulikuwa na mkunazi karibu na bustani, nikawaruhusu wachume majani ya kutia kwenye maji. Sanda ilitoka msikiti wa kambi ya askari. Nyeupe, mpya. Na alisaliwa."

"Nani aliyemsalia?"

"Wafungwa Waislamu wote waliokuwa nje ya selo siku hiyo, na askari wachache. Na mimi."

"Wewe ulisimama wapi?" Bibi akauliza. Nadhani alimfahamu vizuri kuliko nilivyodhani.

"Mbele."

"Nyuma yako nani?"

"Wao. Safu mbili za wafungwa."

"Hukugeuka?"

"Sikugeuka. Nilitoka jasho mpaka kwenye soksi, lakini sikugeuka. Tukamlaza ubavu wa kulia, uso umeelekea Kibla. Nilishuka kaburini mwenyewe, mimi na yule mwalimu. Mengine nimeyasahau, Mama. Hilo sijalisahau, maana ndiyo mara yangu ya mwisho kusali mbele."

Bibi alilia, lakini kidogo, kilio cha mtu aliyeweka akiba ya machozi na sasa ameona haihitaji tena. Alisema alhamdulillahi mara nyingi. Akamshika Afande mkono, akauweka kwenye paji la uso wake. Mimi machozi yaliangukia kwenye mchele na sikuyafuta, niliogopa kuonekana.

Kisha Bibi akainua uso, bado kaushika mkono.

"Na mdogo wake Pili?"

Afande akaangalia mlangoni. Nje jogoo mmoja anawika wakati si wake. Afande hakusema ndiyo wala hapana wala sijui. Aliangalia tu mlangoni mpaka Bibi akauachia mkono wake taratibu.

"Basi," Bibi akasema. "Sijakuuliza."

"Hujaniuliza," Afande akasema.

Akaaga, akaondoka kinyumenyume.

Bi Pili hakuchelewa. Asubuhi yake alikuja na vitumbua vya moto kwenye sahani, akaketi kitandani kwa Bibi kabla hata ya kusalimiana vizuri.

"Jana nimemwona Afande katoka hapa. Kakaa sana. Kasema?"

Nilikuwa nafagia. Nikaendelea kufagia mahali palepale. Nilimwangalia Bibi kwa pembeni, nikaona anavyokishika kile kitumbua, furaha imemjaa mpaka kwenye vidole, na Bi Pili yuko mbele yake kakodoa macho.

"Aseme nini yule," Bibi akasema. "Kagonga nguzo, kasema ya pembeni ina mchwa. Basi."

"Nguzo?"

"Nguzo, Pili. Mgonjwa nimelala hapa, yeye anaulizia nguzo."

Bi Pili akacheka kwa uchungu, akamsonya Afande ambaye hakuwepo, akamwambia Bibi ale kitumbua kisipoe. Bibi akala. Alikitafuna polepole, kama dawa.

Alhamisi Bibi akasema bakuli liende. Akamwelekeza Mama kupika kutoka kitandani, nazi kiasi gani, chumvi kiasi gani, na akataka kitanda chake kisogezwe barazani. Nikadhani anataka hewa. Nilimpelekea Afande bakuli, nikamsalimia vizuri. Alilipokea, akaliweka chini, akaniuliza bila kuniangalia:

"Bibi yako amemwambia Pili?"

"Hajamwambia."

"Alimwuliza?"

"Alimwuliza. Bibi kasema ulikuja kwa ajili ya nguzo."

Afande alikaa kwenye benchi lake. Aliangalia banda la kuku muda mrefu. Halafu akachukua bakuli, akaingia ndani akahamishia chakula kwenye sahani yake, akaliosha mwenyewe, akatoka nalo hadi kwenye mdimu, akalijaza mpaka ndimu zikawa zinadondoka.

"Mwambie ahsante," akasema. Kisha tena, kana kwamba mara ya kwanza hakuisikia sawasawa, "Mwambie ahsante."

Nilipofika nyumbani Bi Pili alikuwa kaketi barazani, kando ya kitanda cha Bibi, anamkanda miguu. Bibi akainua kichwa, akaniuliza kwa sauti ileile ya siku zote, ya juu, ya kusikika nyumba ya tatu:

"Kasema nini?"

"Kasema ahsante."

"Basi?"

"Basi."

"Mtu mgumu yule," Bi Pili akasema.

"Mgumu," Bibi akasema. Akalivuta bakuli karibu, akaanza kumchagulia Bi Pili zile ndimu kubwa.